Oili ya Sajenti Lomax

Jumanne ile ya Septemba 1940 ilianza kama nyingine yoyote kwenye uwanja wa ndege za kivita pale Kent: chai nyepesi, mkate wa majarini, na karani akidai fomu. Wilf Garbutt, fundi wa injini, aliijaza oili ndege ya rubani wake, Sajenti Lomax, akaitazama ikipaa na nyingine kumi na moja.

Zilirudi hizo kumi na moja.

Ijumaa alifuatwa kwenye maegesho na Pelham, afisa wa uchunguzi, mtu aliyependa vita viwe na majalada nadhifu.

"Lomax alisema redioni injini imekauka oili. Tia saini kwamba ulisahau kujaza."

"Nilijaza, afande."

"Basi ilikwenda wapi?"

"Waulizwe Wajerumani. Wao ndio waliokuwa naye mwisho."

"Kesho saa sita mchana, Garbutt. Saini, au jela."

Kwa desturi ya mafundi, mtu haondoki penye maegesho ya ndege yake mpaka irudi. Wilf alikuwa amekula amesimama tangu Jumanne. Jumamosi saa sita Pelham alimkuta hapohapo, akamnyooshea jalada.

"Sisaini uongo, afande. Jela nako kuna chai."

Ndipo wakaisikia.

Injini. Moja tu. Ilikohoa mara mbili ikipunguza mwendo, na Wilf aliijua kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Anga lilikuwa tupu. Nyasi zikalala, mistari miwili, ikija. Ikija. Ikasimama mbele yao.

Wilf akaokota kabari za magurudumu, akazisukuma kwenye hewa. Ziligota.

Akagusa. Mpira. Wa moto.

"Toka hapo," Pelham alinong'ona.

"Ndege yangu hii. Toka wewe."

Juu ya vichwa vyao mtu akashusha pumzi.

"Wilf," sauti ikasema, bila haraka. "Risasi ilitoboa bomba la oili. Waambie."

Tone likaanguka begani pa Pelham. Jeusi. La pili likafuata.

Jalada lilifungwa siku hiyohiyo: *sababu, adui.* Pelham aliomba uhamisho kwa fomu tatu.

Wilf aliweka karai kwenye maegesho yale matupu. Mpaka vita vinaisha, kila asubuhi alilikuta lina oili, akalimwaga. Bohari ilimwandikia mara nne kuuliza oili hiyo inavuja kutoka ndege ipi, na mara nne alijibu: ya Lomax, na bado imejaa.