Zikifika Sitini

Jumamosi hiyo duka la dawa lilijaa mpaka mlangoni. Mafua yalikuwa yameingia mjini, watu wanakohoa utadhani wanalipwa, na nyuma ya kaunta alikuwapo dada mmoja tu. Alivaa koti jeupe na kilemba cha njano, akihesabu vidonge kwa kijiti na kuvitia kwenye bahasha ndogo za kaki.

"Niongezee viwili tu, mwanangu," mzee mmoja alimbembeleza.

"Dozi ni dozi, mzee wangu. Ukitaka vya kutafuna, duka la pipi hilo hapo mkabala."

Foleni nzima ikacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa fundi wa mafriji, kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni na shati la samawati lililonyoka kwa pasi. Zamu yake ilipofika, wala hakutaka dawa.

"Naomba bahasha arobaini. Tupu."

"Bahasha tupu zinatibu nini?"

"Tamaa, daktari."

"Mimi si daktari. Nauza dawa tu."

"Bado," alisema fundi, akatabasamu.

Neno hilo lilimchoma dada wa watu. Miaka miwili alikuwa akiweka akiba ya ada ya chuo ili awe mfamasia kamili, na siri hiyo aliijua mama yake peke yake. Alimhesabia bahasha zake, na namba ya simu akaiandika juu ya ile ya mwisho. Nani alimtuma? Moyo wake mwenyewe.

Simu zikaanza. Asubuhi simu, mchana simu, hata mama mtu akauliza kama huyo fundi anatengeneza friji au anatengeneza maneno. Wiki ya tatu, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya duka, fundi alimweleza kazi yake ya pili. Asubuhi alitengeneza mafriji. Alasiri, siku nne kwa wiki, alipanda klabu ya karata iliyo juu ya duka la magodoro, akacheza poka.

Dada alishika kichwa. "Mcheza kamari! Ole wangu, na nilivyokwisha kukupenda!"

"Umekwisha kunipenda?"

"Usibadilishe mada!"

Fundi akacheka, kisha akamweleza. Mtaji wake wote alikuwa ameugawa katika zile bahasha arobaini. Siku moja, bahasha moja. Ikiisha anainuka, hata karata zimwite kwa jina. Zikibaki ishirini, anashuka meza ndogo wanakocheza wazee wastaafu. Zikibaki kumi, anaacha kwa nusu mwaka.

"Mtu anaweza kucheza vizuri kabisa na bado akapoteza miezi mitatu mfululizo," alisema. "Karata hazina fadhila. Ila kinachommaliza mchezaji si karata mbaya. Ni kutojua amebaki na ngapi."

"Sasa mimi naingia wapi hapo?"

"Siku ya kupoteza, mkono wangu mwenyewe ni mwizi. Nataka mtaji utunzwe na mtu asiyeongeza hata kidonge kimoja."

Wako wanawake wanaotongozwa kwa maua. Huyu alitongozwa kwa kuaminiwa, na hapo akaingia mzima mzima.

Ukawa ndio utaratibu wao. Siku za mchezo alimpa bahasha moja saa ya chakula. Akirudi, fundi alimkabidhi kilichomo mfukoni bila kukitazama, naye akakipanga upya. Fundi hakutaka kujua chochote mpaka Jumamosi. Alisema hesabu ikimfuata mezani, hucheza kwa woga. Jumamosi saa kumi jioni alipiga simu.

"Tuna ngapi, daktari?"

"Arobaini na saba, laazizi."

"Na zikifika sitini?"

"Unamleta mjomba wako kwa mama."

"Mama akikataa?"

"Akatae vipi, na viatu vya harusi keshanunua!"

Zikafika hamsini na mbili. Kisha nuksi ikaingia.

Haikuingia kwa kosa lake, na hilo ndilo lililouma. "Nilikuwa na malkia watatu," alimweleza kwenye simu. "Mpinzani wangu alikuwa na wafalme wawili tu, karata ya mwisho ikampa wa tatu. Nimecheza sawasawa, mpenzi. Na nimepoteza sawasawa." Kila siku bahasha yake ilipoisha aliinuka. Hakukopa, hakubishana na mtu, hakuomba ya pili. Lakini shati lilianza kukosa pasi, utani ukapungua, na mashavu yakaingia ndani. Zikawa arobaini, zikawa thelathini.

"Hizo sitini," mama aliuliza siku moja, "ni bahasha au ni miaka? Maana mimi nazeeka."

Ikaja Jumamosi moja, dada akazihesabu juu ya kitanda mara tatu. Kumi na tisa. Simu ikaita.

"Tuna ngapi?" Sauti ilikuwa imekauka. Baada ya hapo hakusikia kitu, na akajua kuwa fundi amezuia pumzi.

Kusema kumi na tisa ilikuwa kumshusha kwa wastaafu. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mjomba angengoja mwaka mwingine, labda miwili, na ile pumzi kule upande wa pili ingetoka kama ya mgonjwa.

"Ishirini na nne," alisema.

"Kweli? Mimi nilidhani tumeshavuka chini."

"Uchovu huo, kipenzi. Kalale."

"Basi nabaki juu. Mungu mkubwa."

Jumatatu, mkono ule uliomnyima mzee vidonge viwili ulikwenda benki kutoa pesa za ada, ukajaza bahasha tano. Alijiambia ni mara moja tu. Jamani, uongo una mara moja? Wiki iliyofuata akajaza nne, halafu sita. Siku ya mwisho ya kulipa ada ikapita, naye akamwambia mama kuwa chuo kimeahirisha. Kila Jumamosi alimtajia fundi hesabu iliyomfanya apumue, na fundi akaendelea kukaa kwenye meza iliyomzidi kimo.

Siri ilifichuka Jumatano, saa nane mchana. Fundi alifungua bahasha yake mbele ya wachezaji, na katikati ya noti ikaanguka stakabadhi ya benki. Ilikuwa na jina la mpenzi wake, akaunti ya akiba, tarehe ya jana. Mkononi alikuwa na karata nzuri kuliko zote alizozipata mwezi ule. Akazilaza kifudifudi, akaondoka.

Dukani alipanga foleni kama mteja mwingine yeyote. Dada alimwona tangu mlangoni, na kijiti kikamponyoka.

"Bahasha ngapi ni zangu?" aliuliza alipofika.

"Twende nje tuongee."

"Ngapi?"

"Hakuna." Machozi yalikuwa yameshatangulia. "Zako ziliisha mwezi uliopita."

"Na hizi?"

"Za ada yangu ya chuo. Zimebaki sita."

Fundi alishika kaunta kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mwezi mzima nimekuwa nikikicheza chuo chako."

"Nilikuonea huruma. Siku ile niliyokwambia ishirini na nne, zilikuwa kumi na tisa."

"Ningeshuka na zile kumi na tisa, daktari. Zangu. Ningekaa na wastaafu wangu taratibu, nikapanda tena. Miaka miwili ilikushinda kunisubiri?"

"Ningekusubiri hata kumi! Ile sauti yako ndiyo iliyonishinda."

Fundi akageuka, akawapisha wagonjwa.

Klabu hakurudi tena. Jumamosi tatu simu ilinyamaza saa kumi, na dada akaikodolea macho mpaka chakula kikapoa. Ijumaa ya wiki iliyofuata ikaita. Fundi alikuwa amepata kazi ya vyumba vya baridi, kiwanda cha maziwa, mji mwingine. Basi lingeondoka kesho yake jioni.

Dada alimkuta kituoni amesimama na begi la vifaa. Shati lilikuwa lile la samawati, limepigwa pasi.

"Usiende," alimwambia, kilemba kimelegea, pumzi juu juu. "Tuanze upya. Hata kwa bahasha moja."

"Ada yako nitairudisha."

"Nimekuuliza habari ya ada?"

Fundi alifuta uso kwa kiganja. "Aliyefilisika haketi tena mezani siku hiyo hiyo. Akiketi anacheza kwa uchungu."

"Mimi si meza!"

"Najua, mpenzi. Ungekuwa meza nisingelia hivi."

Kondakta aliita abiria. Saa ya ukutani ilikuwa kumi kamili, na fundi akaiona. Vidole vyake vikalegea kwenye mpini wa begi.

"Tuna ngapi, daktari?"

Akazuia pumzi, vilevile kama siku ile. Na dada akaelewa, kama anavyoelewa dozi ya mtoto na ya mtu mzima, kwamba akisema tu "zinatosha" begi litashuka chini na basi litaondoka bila yeye. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Hatuna hata moja, laazizi," alisema. "Nilizimaliza mimi."

Fundi akatoa pumzi polepole. "Ahsante," alisema. "Hiyo nimeiamini." Alimshika shavu, mkono ukakawia hapo, kisha akapanda basi.

Jumatatu, dada alizipeleka bahasha sita chuoni, akazipanga mbele ya karani. Karani alihesabu, akatikisa kichwa.

"Hizi zinatosha kozi ya msingi ya miezi mitatu, basi. Utakaa na watoto waliomaliza shule juzi, dada yangu. Si bora ungoje upate ada kamili?"

"Niandikie hiyo hiyo," alisema. "Ndizo nilizo nazo."

Alitoka na karatasi yake mkononi, akaketi kwenye ngazi za chuo, akalia mpaka akamaliza. Jumamosi, ilipofika saa kumi, aliiweka simu juu ya daftari lake jipya, akaendelea kusoma.