Tangazo la Mtu Mmoja

"Kabale, ametoka mjini. Mzuie kabla hajafika Gotu!"

Ilikuwa sauti ya Mamo, fundi wa mitambo wa idara ya ujasusi, redioni.

Kabale alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka juu ya mawe, vumbi likaficha barabara nyuma yake.

Jasusi huyu wa serikali alikuwa akimwinda Venn, Mzungu wa kampuni ya Zentavo. Kampuni hiyo iliwagawia wafugaji wa Isiolo programu ya simu ya kuangalia bei ya mbuzi.

Bure!

Bure gani? Programu ilisikiliza mazungumzo ya nyumbani na kufuata kila kundi la mifugo. Mama akitaja homa ya mtoto, simu ilimletea tangazo la dawa kabla chai haijachemka. Sasa Venn alikuwa ameziiba siri hizo azipeleke Orvela, mahasimu wa kampuni yake. Wezi wa mifugo alishawaonjesha. Kule Oldonyiro walienda moja kwa moja hadi zizi la mzee Yattani, wakamuua.

Wasomi wazima, wanapigania kuchungulia vyumba vya watu. Kabale alitema mate dirishani.

Njia ikagawanyika.

"Mamo, nimempoteza."

"Ngoja. Nimenunua tangazo kwenye programu ya Zentavo. Wazungu, wenye upara, walio karibu na Gotu."

"Unauza nini?"

"Dawa ya kuotesha nywele."

Kabale alipunguza mwendo. Kisha Mamo akaangua kicheko.

"Amebonyeza! Simu yake iko kushoto, kando ya mto."

Venn alikuwa chini ya mgunga, amekumbatia kisanduku cheusi chenye siri za wafugaji. Ndege ndogo ilizunguka angani ikitafuta pa kutua. Alimwona Kabale, akachomoa bastola, Glock.

Beretta ya Kabale ilitangulia.

Glock ilianguka. Venn akapiga magoti, ameshika bega. Ndege ikageuka, ikatoweka.

"Walikubali wenyewe!" alifoka. "Kila mmoja alibonyeza 'Nakubali'!"

"Walikubali kuambiwa bei ya mbuzi."

"Orvela watakulipa. Sema unataka nini."

Kabale alimtazama kama kinyesi kilichomganda kiatuni. Akamfunga pingu.

"Utataja wezi waliomuua Yattani. Mmoja mmoja."

Redio ikakoroma.

"Kabale, wakubwa wanataka hicho kisanduku. Kizima."

"Cha nini?"

"Hawajasema."

Kabale alikitupa mchangani, akakimiminia petroli ya akiba, akawasha kiberiti.

"Waambie wamechelewa," alisema, akamsukuma Venn kuelekea garini.

Hakugeuka kuutazama moto.