Mkalimani wa Papa

Kila akitoka shule, Laure alitupa begi kwenye kochi, akanawa mikono, kisha akaketi jikoni na baba yake, Papa Didier, kupiga simu kwa niaba yake. Ndivyo walivyoishi pale Manassas, Marekani. Papa Didier alikuwa hodari wa Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza cha kwenye simu kilimtoa jasho. Laure, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Siku hiyo Papa alikuwa akichagua kozi. Alitaka kuacha kazi ya ghala awe fundi wa magari ya kulala, yale yenye vitanda, jiko na bafu ndani. Kozi ya kwanza ilifundisha ukaguzi tu, kwa kompyuta, nyumbani. Ya pili, aliyoitamani zaidi, ilifundisha kutengeneza hasa: mabomba, umeme na gesi. Lakini ilikuwa katika jimbo la mbali, na wanafunzi walilala hukohuko.

Laure aliwapigia wa kozi ya pili. "Imebaki nafasi moja," mama wa ofisini alimwambia kwa Kiingereza. "Mnaitaka? Tunakaribia kufunga."

Laure akakumbuka. Zamani, kule Bukavu, Kongo, Papa aliaga kwamba anakwenda kwa muda mfupi, wakakaa miaka bila kuonana.

"Anasemaje?" Papa aliuliza.

"Nafasi zimejaa, Papa." Akakata simu.

Papa alishusha pumzi. "Basi. Nitakuwa mkaguzi, niwaonyeshe watu kilichoharibika, watengeneze wengine." Akamshika bega. "Asante, mwanangu. Bila wewe ningekuwa bubu hapa."

Jamani, asante ile ilimchoma! Laure akaangua kilio. "Nimekudanganya, Papa! Nafasi ipo. Niliogopa utaondoka usirudi!"

Papa alikunja uso. Alitazama saa ya ukutani. "Piga tena."

Simu iliita, ikaita. Hatimaye yule mama akapokea. Nafasi bado ilikuwapo.

"Muulize," Papa alisema polepole, "kama mtu anaruhusiwa kurudi nyumbani mwisho wa juma."

Laure aliuliza. Aliposikia jibu, alimgeukia Papa. "Hapana, Papa. Mpaka kozi iishe."

"Mwambie nakubali."

Simu ilipokatwa, Papa alimvuta karibu. "Nimekasirika, sikufichi. Ukiogopa, niambie unaogopa, nitakusikiliza. Lakini neno la mtu lifikishe kama lilivyo, hata likikuuma. Hilo la mwisho limekuuma, na umelifikisha. Nami nakuambia ukweli, Laure: nitarudi."