Mnunuzi Asiyetaka Gauni

Magharibi ile nilikuwa nimesimama dirishani kwa wakala wa mizigo, nimenuna hata nzi asingethubutu kutua juu yangu. Nilikwenda kuchukua gauni lililorudishwa. Tena! Gauni la tatu kutoka kwa mnunuzi yule yule, na sababu ile ile: "Halikunifaa."

Wakala alinisogezea kifurushi kwa ncha ya vidole.

"Mama, huyu mteja wako anaishi wapi? Mizigo yake inanuka."

Kweli kilinuka. Harufu ya udongo uliolowa, na ndani yake kama kafuri, ile anayowekewa maiti...

"Anaishi kwenye ujinga wake," nikamjibu. Nikasaini, nikaondoka.

Mimi nashona magauni ya watoto na kuyauza mtandaoni. Kazi nzuri, ila wanunuzi wengine Mungu anawaona. Mtu anaagiza gauni jipya, anamvalisha mtoto kwenye sherehe, wanapiga picha, keshokutwa anadai lilikuja na kasoro. Mwingine alinirudishia tambara lake kuukuu la rangi ile ile, akaapa kwa jina la mama yake kwamba ndilo nililomtumia. Ukibisha, watu wa huduma kwa wateja wanakuuliza ushahidi uko wapi. Ushahidi! Nguo niliyoishona kwa mikono yangu mimi mwenyewe!

Basi nikaweka alama. Ndani ya pindo la kila gauni nilishonea unywele mmoja. Lebo mtu atabandua, uzi ataiga, lakini unywele nani atafikiria? Changu kichwa nanyoa, hakina kitu. Kwa hiyo nilichukua nywele za mwanangu, zile zinazobaki kwenye kitana. Niliona nimewapiga chenga matapeli wote.

Na jioni hiyo mwanangu alikuwa kitandani. Alianza kulala siku lile gauni la kwanza liliporudi, wala mimi sikuviunganisha vitu hivyo viwili. Kulala tu. Daktari alipima damu, akapima mkojo, akampiga picha ya kifua, hakuona ugonjwa. Mtoto anapumua, lakini kila kukicha anazidi kuwa baridi. Ni wangu wa pekee, nilimpata nikiwa nimeshakata tamaa. Ningeuza cherehani, ningeuza na figo, lakini uzima unauzwa duka gani?

Nyumbani nilimkuta dada yangu mkubwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anamsugua mtoto miguu.

"Ameamka?"

"Alifumbua macho kidogo," akasema. "Hakunijua."

Nilikaa sakafuni, nikafungua kifurushi huku simu inarekodi, maana mzigo uliorudishwa siufungui bila ushahidi. Gauni lilikuwa langu. Halijavaliwa, halina hata doa. Nikageuza pindo kutafuta unywele.

Haukuwepo.

Pindo lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko wangu. Mawili ya kwanza yalikuja hivyo hivyo. Niliwaandikia huduma kwa wateja kwamba mtu huyu ni tapeli, ameniibia. Wakauliza ameiba nini. Nikajibu: unywele. Aliyekuwa ananihudumia akaandika, "Pole sana mama. Kuna lingine tukusaidie?"

"Unatafuta nini humo?" dada akauliza.

"Unywele. Alama yangu ya kuwakamata hawa wezi."

"Unywele wa nani?"

Nikageuza pindo upande wa pili.

"Mdogo wangu... unywele wa nani?"

Hakusubiri jibu. Aliinua kichwa cha mtoto kutoka kwenye mto, akakigeuza taratibu kwenye mwanga wa taa. Kisogoni kulikuwa na vipara vidogo vya duara, laini, kama pale hapajawahi kuota kitu.

Vitatu.

"Maskini mimi!" dada akanong'ona. "Umemtuma mtoto kipande kipande."

Nikaikwapua simu. Maana kulikuwa na gauni la nne. Mnunuzi aliliagiza kabla hata ya kurudisha la tatu, na mimi kwa tamaa ya mauzo nikalituma. Simu ilikuwa inaonyesha: limepokelewa mchana huo.

Mtoto akavuta pumzi moja ndefu... akakaa... akakaa... ndipo akavuta nyingine.

Sikumbuki kama nilivaa viatu. Anwani ilikuwa kwenye simu. Nilidaka pikipiki, nikampigia dereva kelele njia nzima, mpaka akaniambia, "Mama, tukifa hutafika." Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya kawaida kabisa. Nguo zimeanikwa kwenye varanda, na redio ya mtu inasoma matokeo ya mpira. Mlango niliokuwa nautafuta ulikuwa mwisho wa korido, umeachwa wazi kidogo. Ndani kulinuka udongo na kafuri.

Kabla sijabisha...

"Pita, fundi. Umechelewa."

Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, msafi, kavaa miwani. Alikaa chini ya taa na gauni langu mapajani. Mkononi alishika kimkasi cha kufumulia. Kwenye kona, juu ya kigoda, palikuwa na mtu mdogo aliyenipa mgongo. Kimo nilikijua. Nywele nilizijua, maana mimi ndiye ninayezisuka.

"Acha," nikasema. Nikapiga hatua moja ndani. "Acha, nakuomba."

"Kelele za nini? Magauni yako nimekurudishia. Hata moja sikulivaa."

"Nirudishie mwanangu."

"Sikumchukua." Akafumua mshono mmoja. *Tik.* "Ulimtuma mwenyewe. Ukamkunja vizuri, ukamfunga na utepe juu. Mimi siibi, fundi. Mimi napokea."

*Tik.*

Nilikuwa nimekwenda na matusi yangu yote, na wanaonijua wanajua ghala langu si dogo. Yote niliyaacha pale mlangoni. Nilipiga magoti, nikamshika miguu. Ilikuwa ya baridi kama ya mwanangu.

"Nichukue mimi."

"Wewe huna hata unywele mmoja," akasema, akacheka kidogo.

Na yule wa kwenye kigoda akacheka.

Kicheko cha mwanangu.

Nililia kama mtoto mchanga. Niliomba kwa Mungu, nikamwomba na yeye, sijui hata nani nilimtanguliza. Mwisho yule mama akaweka mkasi chini, akanitazama juu ya miwani yake.

"Haya, nitarudisha. Lakini utapokea bila kukagua."

Nilielewa. Haki ya Mungu, nilielewa pale pale. Hakuna muuzaji asiyejua anayekukataza kukagua ana maana gani. Lakini zile pumzi za mtoto nilizoziacha nyumbani, moja hapa, nyingine huko... ningefanya nini?

"Nitapokea," nikasema.

Akakata uzi kwa meno. Taa ikazimika, na kigoda kikatoa mlio, mtu anainuka. Nilitoka mbio, sikugeuka nyuma.

Nyumbani nilimkuta mtoto amekaa kitako kitandani.

"Mama, nina njaa."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Mikono ilikuwa ya moto, na nywele zimejaa kichwa kizima, vipara havipo. Alikula sahani nzima, akaomba nyingine, akataka kujua kwa nini nimetoka peku. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Dada alisimama mlangoni, hakusogea.

Baadaye alinivuta jikoni.

"Umemwangalia vizuri?"

"Anapumua. Ana joto. Ananiita mama."

"Sikukuuliza hivyo."

"Dada, niache!"

Akafunga mlango wa jikoni. "Ulipokuwa huko, alivuta pumzi moja," akanong'ona. "Nikasubiri nyingine. Nikasubiri sana, mdogo wangu. Nikamfunika shuka mpaka usoni. Halafu huyu ndiye aliyelifunua."

Simu ikalia mkononi mwangu. Ujumbe kutoka kwenye soko la mtandaoni: *Mzigo uliorudishwa umekufikia. Kagua, kisha uthibitishe. Ukishathibitisha, malalamiko hayatapokelewa tena.*

Gauni la tatu nilishalisainia kwa wakala, na hakuna mzigo mwingine wowote ulioletwa nyumbani kwangu jioni ile.

Nilichungulia chumbani. Alikuwa amejilaza upande wa ukutani, ameniachia nafasi, ananiangalia, anatabasamu. Miaka yote hii nimekagua kila nilichorudishiwa. Mishono, vifungo, kola, hadi kwapani nimenusa.

Nikabonyeza ndiyo.

Kisha nikazima taa, nikapanda kitandani pembeni yake, maana mtoto aliyetoka kuugua haachwi kulala peke yake.