Ukurasa wa Pini

Duka la miwani liliegemea stendi kuu ya mabasi, na kila mlango ulipofunguliwa honi ziliingia pamoja na mteja. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa. Watu walijaribu fremu za wenzao na kuchekana. Nyuma ya meza ya kioo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe lililonyooka kwa pasi, kilemba cha zambarau, kalamu imechomekwa sikioni. Mtaa mzima ulimwita Dada Miwani.

Mwanaume aliyefuata kwenye foleni aliinama ili apite mlangoni. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na grisi magotini, lakini kola ya shati iliyochungulia shingoni ilikuwa safi kabisa.

"Karibu, kaka. Macho yanasemaje?"

"Macho hayana neno, dada. Mikono ndiyo imekuwa mifupi."

Benchi zima likacheka. Dada Miwani alimkalisha kwenye kiti cha vipimo, akamvika ile fremu nzito ya chuma, akaingiza lenzi moja, akamwekea mbele kadi ya herufi.

"Soma mstari wa chini."

"Hizi herufi hazisemi kitu," mwanaume alilalamika. "Nitasomaje kitu kisichosema kitu? Ngoja, ninacho changu."

Akatoa mfukoni kijitabu kilichokunjwa katikati. Jaladani, chini ya miezi mitatu iliyong'aa angani, mpiganaji mwenye upanga alikuwa amepanda jongoo mkubwa kama treni, na chini ya kiatu chake alikaa mwanamke aliyefungwa mikono. Dada Miwani alikitambua kabla hakijafunguliwa. Alikuwa amekiandika yeye, chumba cha nyuma cha duka hilihili, saa za chakula cha mchana, kama alivyoviandika vyote vya Jemadari wa Sayari ya Chumvi. Jina la mwandishi lilikuwa Kapteni. Wasomaji waliamini ni askari mstaafu mwenye jicho moja. Ukweli waliujua watu watatu tu: yeye mwenyewe, shangazi yake aliyeishi naye, na Mzee Wino mwenye kiwanda cha uchapaji.

Kijitabu kilijifungua chenyewe katikati, penye pini. Vijitabu vya Mzee Wino vyote hujifungua hapo, na ndiyo maana tangu namba ya kwanza mzee alitoa sharti: "Mbingu zako, vita vyako, jongoo wako, andika upendavyo. Ukurasa wa pini ni wangu. Hapo mateka apige magoti na ashukuru. Mtu akikiokota kijitabu kibandani, macho yaangukie hapo." Dada Miwani aliuandika ukurasa huo mwisho, harakaharaka, kama mtu anayetoa takataka nje.

"'Mwanamke akipiga magoti,'" mwanaume alisoma kwa sauti, "'ndipo anaporefuka.' Naam! Sasa naona hadi nukta."

Aligeuza ukurasa, midomo ikitembea, akasahau yuko wapi. Akafika pale jongoo anapoambiwa avue viatu kabla ya kuingia ikulu, na wageni wanamsubiri hadi jua linazama. Akacheka mpaka ile fremu ya chuma ikamteleza puani. Mahali hapo Dada Miwani alikuwa amecheka peke yake alipopaandika. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona msomaji kwa macho yake. Alisimama na lenzi mkononi, na kitu fulani kifuani kikakaa mahali pake.

"Huyu Kapteni anawajua wanawake," mwanaume alisema akijifuta machozi.

"Labda anawajua kuliko unavyodhani."

"Kumbe na wewe unamsoma?"

"Kila siku ya Mungu, kaka."

Alikuwa fundi wa lifti. Alirudi kuchukua miwani, akarudi kukaza skrubu, akarudi kuuliza kama skrubu hukazwa mara ngapi. Mara ya nne hakuwa na la kusingizia, akaomba namba ya simu.

"Daktari wangu, uko wapi?" Fundi alianza kuuliza kwenye simu kila mchana.

"Niko kazini. Wewe je?"

"Naning'inia kati ya ghorofa ya sita na ya saba, nakuwaza."

"Shika kamba kwanza, mapenzi baadaye."

"Nikianguka?"

"Nitakupima macho uone ulipoangukia."

Siku moja ya mapumziko alimpandisha hadi chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo refu la ofisi. Dada Miwani alikuwa amevaa gauni la njano na viatu vya wazi. Fundi alivua koti lake, akalitandika juu ya sanduku la vifaa ili gauni lisiguse grisi. Wakaketi wakitazama gurudumu kubwa likivuta kamba za chuma, likipandisha watu wasiojua wanapandishwa na nini.

"Niliwahi kuoa," Fundi alisema. "Aliondoka. Alisema kuishi na mimi ni kama kulalia uji. Haukuumizi, ila haukushiki. Kaka yangu mpaka leo akinipigia simu ananiita Uji."

"Na wewe unamjibu?"

"Naitika." Alicheka bila furaha, akachomoa kijitabu shatini. "Ndipo nikaanza kumsoma Kapteni. Nikasema, kumbe kuna mtu anaweza kunifundisha."

Dada Miwani alifungua mdomo aseme. Kisha akaona namna alivyokirudisha kile kijitabu ndani ya shati, upande wa moyo, akaufunga.

"Mwambie," shangazi alimwambia jikoni jioni ile.

"Nitamwambia, shangazi."

"Lini? Namba ya mwisho?"

Fundi alimposa ndani ya lifti. Aliisimamisha katikati ya ghorofa, akasema kwa sauti nzito aliyoiazima, "Mlango huu haufunguki mpaka unijibu." Dada Miwani aliyatambua maneno, Jemadari aliyasema mbele ya ngome ya chumvi, na ufunguo akaumeza. Lakini kabla hajajibu, Fundi alikuwa amekwishabonyeza kitufe. Lifti ikashuka, mlango ukafunguka, mwanga wa ukumbi ukaingia.

"Samahani," alisema, jasho likimtoka. "Nimeogopa usije ukaogopa. Nijibu mlango ukiwa wazi."

"Ndiyo," alisema Dada Miwani. Wangemuuliza hata leo ni lini alimpenda hasa, angetaja mlango ule.

Uchumba ulipotangazwa, Fundi akaanza kubadilika, polepole kama lifti inayoshuka bila mlio. Kwanza ilikuwa nguo. "Lile gauni la njano liache. Mke wa mtu si bendera." Kisha simu. "Nikipiga usiseme niko kazini. Sema abee." Kisha akaacha kuomba. Chai hakuiomba, aliitaja tu, na kuitazama meza mpaka ije.

Dada Miwani aliijua kila sentensi, na siku aliyoizaa. *Mwanaume haombi, hutaja* aliiandika jino likimuuma, akitaka tu ukurasa uishe. Sasa jino lilikuwa limepona, sentensi ilikuwa hai, imevaa miwani aliyoipima yeye. Aliporudi nyumbani kimya, shangazi alimtazama.

"Mkuki kwa nguruwe, mwanangu."

"Nilidhani ni sayari tu, shangazi. Hakuna anayeishi kule."

"Kumbe kuna mtu amehamia."

Kaka mtu alikuja kumwona shemeji mtarajiwa Jumapili mchana. Alikuwa mnene, mwenye vicheko vya kupiga paja, na alijaza kochi la Fundi peke yake.

"Kwa hiyo ndiye huyu, Uji? Shemeji, unakula kwa kijiko au unakunywa?"

Dada Miwani alitabasamu kwa adabu. Fundi hakutabasamu. Alikuwa ametoka kazini, bado ana buti. Aliketi, akanyoosha miguu, akasema akitazama ukuta:

"Njoo univue viatu."

Kaka mtu aliinua nyusi. Dada Miwani alimtazama mchumba wake na kuona anavyokwepa macho ya kaka yake. Angeweza kukataa, na Fundi angeaibika mbele ya kicheko kile kwa maisha yote yaliyobaki. Alipiga magoti. Akafungua kamba za buti la kwanza, kisha la pili, akayapanga pamoja. Ndipo mdomo wake, uliozoea kuumaliza ukurasa huo wa pini, ukaumaliza.

"Sasa niko huru, bwana wangu."

Kaka mtu alipiga makofi. "Heee! Mdogo wangu amekuwa dume! Nani amekufundisha?"

Fundi alikuwa amepauka. Alisikia kitu katika sauti ile: haikuwa ya mwanamke anayejifunza maneno. Ilikuwa ya mtu aliyeyachoka.

Alimsindikiza kwa ngazi. Kati ya ghorofa mbili alisimama.

"Umenidhihaki mbele ya kaka yangu."

"Sijakudhihaki, mpenzi. Nimesoma ninachokijua. Ukurasa ule niliuandika mimi."

"Upi?"

"Zote. Kapteni ni mimi."

Alicheka kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake kumaliza utani. "Kapteni ana jicho moja."

"Hana hata moja. Jongoo alivua viatu kwa sababu mjomba wangu alikuwa akichelewa hivyohivyo kuingia ndani. Namba ijayo ngome ya chumvi inanyeshewa, inayeyuka, na Jemadari anabaki na ufunguo tumboni wa ngome isiyokuwepo. Ngoja wiki mbili uone."

Fundi alivua miwani yake. Aliifuta kwa ncha ya shati muda mrefu, ingawa haikuwa michafu.

"Siku ile dukani. Nilivyosoma kwa sauti. Ulikuwa unanicheka?"

"Siku ile ndiyo nilianza kukupenda."

"Nilikwambia habari za uji. Nikakwambia nani ananifundisha. Ukakaa juu ya koti langu, ukanisikiliza, ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Mke wa kwanza alisema mimi si mwanaume. Nikajitengeneza upya, kipande kwa kipande. Sasa unaniambia hata uanaume wangu umeuandika wewe." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Nenda nyumbani, Daktari."

Simu ikawa kimya. Dada Miwani alipiga, haikupokelewa. Alipita kwenye lile jengo la ofisi, lifti ikafunguka, ndani yake akiwa amesimama fundi mwingine.

Ndipo alipoandika namba nyingine, na kwa mara ya kwanza alianza na ukurasa wa pini. Jemadari anavua mabuti yake mwenyewe, anaweka upanga chini, anasema amechoka kuwa jiwe. Mateka anasimama, kamba zinaanguka, naye haendi popote. Anauliza tu kama kuna nafasi ya kukaa. Mzee Wino aliisoma, akavuta pumzi puani.

"Hii itabaki vibandani."

"Ichape, mzee. Ndiyo ya mwisho."

Ilibaki vibandani kweli. Wauzaji walisema watu wanaifungua, wanaiangalia katikati, wanairudisha. Lakini alasiri moja, akiwa anapanga fremu kwenye rafu, simu iliita.

"Daktari."

Alishika meza. "Niko hapa."

"Nimesoma."

"Na umeonaje?"

"Ni maneno mazuri. Nimelia nayo, usimwambie mtu."

"Basi rudi, laazizi. Nilikuandikia wewe."

"Najua. Ndiyo shida." Nyuma yake gurudumu lilisikika likizunguka. "Yule mkali alikuwa wako. Huyu mpole naye ni wako. Nikirudi leo nitakuwa nimetii ukurasa wa pini tena. Nirudi nikiwa nani?"

"Rudi yule aliyefungua mlango wa lifti. Yule sikumwandika mimi. Yule ni wako."

Upande wa pili gurudumu likasimama.

"Yule alikimbiwa na mke wake."

"Mimi sikumkimbia."

"Hukumkimbia. Ulimwona anazama, ukawa unamsahihisha herufi."

Dada Miwani, yeye aliyezoea kuwapa watu maneno, alichukua fremu rafuni, akairudisha.

"Nimepata kazi mji mwingine," Fundi alisema. "Majengo mafupi. Kwaheri, Daktari. Miwani ni mizuri. Haina kosa."

"Kwaheri," alisema, na upande wa pili mtu akaweka simu kwa upole, kama asiyetaka kuamsha mtoto.

Mvua zilipopita, shangazi aliacha kuuliza. Mzee Wino alimpata Kapteni mwingine, na vibanda vikajaa tena. Namba za zamani zilichapwa upya, majalada yaleyale, rangi zaidi.

Siku moja msichana aliketi kwenye kiti cha vipimo. Alikuwa na kucha nyekundu, pete mpya ya uchumba, na kicheko kisichoisha.

"Dada, herufi hizi hazina utamu. Nikusomee changu? Mchumba wangu kanipa, kasema nijifunze."

Kijitabu kilijifungua chenyewe penye pini.

"'Mwanamke akipiga magoti,'" alisoma kwa furaha, "'ndipo anaporefuka.' Wee! Naona vizuri kabisa!"

Dada Miwani alichomoa lenzi ile, akaingiza nyingine.

"Na sasa?"

"Aa, hapana. Sasa ni ukungu mtupu. Sioni hata neno."

"Hata moja?"

"Hata moja, dada."

Alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya ile fremu ya chuma, honi za stendi zikiingia na kutoka. Kwenye benchi wateja walianza kuguna. Msichana aligeuza shingo kumtafuta, macho yake makubwa yakielea kwenye ukungu, bado anatabasamu.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema Dada Miwani, akamrudishia lenzi yake.