N ya Mwanamisi

Kila akitoka shule, Mwanamisi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye ofisi ya kikundi cha kina mama wa Soni, chumba kimoja nyuma ya soko, ambako shangazi yake Shamsa alikuwa katibu. Huko aliivua kompyuta kitambaa chake cha kufuma, akapangusa vumbi, kisha akachapa lebo za chupa za jamu ya plamu. Alikuwa kidato cha kwanza tu, lakini kina mama walimwita fundi, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Faraji, mtoto wa shangazi aliyekuwa akisoma chuo huko Tanga, ndiye aliyeileta na kuiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Karibu kila kitu alikigeuza kiwe Kiswahili ili kina mama wasiiogope. Ukitaka kufungua barua unabofya "Fungua", ukimaliza unabofya "Funga", basi.

Jumatano moja Mwanamisi alimkuta shangazi ameshika kichwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Njoo uone balaa hili."

Hoteli moja ya Tanga ilikuwa ikitafuta watu wa kuiletea karoti, liki na jamu mwaka mzima. Ilikuwa imewatumia kina mama fomu ya maombi kwa barua pepe. Lakini kila ilipofunguliwa, kioo kilijaa vijisanduku na alama za ajabu, utadhani sisimizi wamemwagika. Shangazi alikuwa amepiga simu hotelini. Huko walimjibu kwamba fomu ijazwe na kurudishwa kesho kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Kibanda cha intaneti cha Lushoto mjini nacho kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya msiba.

"Mashamba yamejaa karoti, Mwanamisi. Tukiikosa hoteli hii, zitaozea ardhini."

Walimpigia Faraji simu, naye akacheka kidogo.

"Programu yenu ya kuandikia imezeeka. Wenzenu wanaandika kwa toleo jipya, ya kwenu hailijui."

"Basi tusasishe kompyuta nzima, kaka?" Mwanamisi aliuliza.

"Hapana! Ukigusa yote, ile programu ya lebo na printa yenu ya zamani hazitaelewana tena. Kiatu kimetoboka kimoja, hubadilishi nguo zote. Pandisha toleo la programu ya kuandikia peke yake. Chukua kalamu, nikupe amri."

Mwanamisi aliandika herufi kwa herufi. Faraji akamaliza: "Kompyuta itakuuliza kama iendelee. Wewe jibu ndiyo. Naingia darasani sasa, nazima simu."

Mwanamisi alichomeka modemu, akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika. Maneno ya Kiingereza yakateremka mbio. Mwishoni likaja swali, na kando yake herufi mbili, Y na n. Hakujisumbua kulisoma. Ndiyo inaanza na N, na N hiyo hapo. Akaibonyeza kwa madaha.

Kompyuta ikaandika neno moja fupi, ikanyamaza. Toleo jipya halikuja.

Akarudia, akabonyeza N. Ikanyamaza. Akarudia tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba kibodi ni kiziwi.

"Imekataa, shangazi. Nadhani mtandao ni mbovu."

Shangazi aliinuka pale pale. Modemu ile walikuwa wameinunua kwa Selemani, kijana mwenye duka la simu upande wa pili wa barabara. Shangazi alivuka akiwa anasema kwa Kishambaa, kama afanyavyo akikasirika, na muda si muda sauti yake ilisikika sokoni kote.

"Selemani! Modemu yako mbovu imetukosesha hoteli! Wewe ni wa kutuuzia sisi takataka?"

Wateja waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua simu akairudisha juu ya meza, akaondoka. Selemani alimfuata shangazi hadi ofisini, uso umemwiva.

"Mama, mimi nauza vitu vizima. Niruhusu nijaribu."

Akafungua ukurasa wa habari, nao ukafunguka taratibu lakini wote. "Mtandao huu hapa. Unaenda."

"Unaenda wapi, na kazi yetu haiendi?" shangazi alijibu. Selemani akaichomoa modemu. Kina mama waliokuwa mlangoni walitikisa vichwa kwa kumhukumu.

Mwanamisi akaanza kujiuliza. Kama mtandao ulikuwa mzima, nini kilikuwa kinakataa? Alitoa kamusi ya Kiingereza kwenye mkoba wa shule, akatafuta lile neno fupi ambalo kompyuta ilimjibu kila mara. Kamusi ilisema: acha, katisha. Akatafuta na maneno ya swali. Lilikuwa linauliza, "Unataka kuendelea?" Kisha akazitazama zile herufi mbili, Y na n. Yes. No.

Masikio yake yalipata moto. Alikuwa anaulizwa kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili! Kompyuta ilimwuliza kwa adabu kama iendelee, naye mara zote akaiambia hapana.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kubonyeza Y kimyakimya, kazi ikaisha, yeye akabaki fundi na Selemani akabaki mwuza takataka. Wazo hilo lilimjia, tena lilikuwa tamu. Lakini alipomwona Selemani akikunja waya wa modemu yake polepole, aliondoa mkono kwenye kibodi.

"Shangazi," alisema, "si modemu. Ni mimi."

Kina mama wote wakamgeukia.

"Nilibonyeza N nikidhani ni ndiyo. Kumbe kwa Kiingereza N ni hapana. Sikusoma swali. Mjomba Selemani, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

Selemani alimtazama, kisha akaangua kicheko. "N ya ndiyo! Lo! Hata mimi ningeibonyeza." Akaichomeka modemu tena mwenyewe.

Mwanamisi aliandika amri upya. Safari hii alisoma kila mstari, kamusi mapajani. Programu moja itapandishwa toleo, hakuna itakayoondolewa. Lebo zilikuwa salama. Akabonyeza Y.

Mtandao wa milimani hauna haraka. Ukungu ulishuka sokoni, wauza kabichi wakafunga magunia, na namba ya asilimia kwenye kioo bado ilipanda kidogo kidogo. Selemani hakuondoka. Adhana ya magharibi ilipokuwa inaisha, kazi ilikamilika. Mwanamisi alifungua fomu ya hoteli, na sisimizi wote wakawa maneno.

Kina mama walipiga vigelegele hadi mbwa wa sokoni wakabweka. Mwanamisi akajaribu na lebo, printa ikakoroma, ikatoa lebo moja safi. Shangazi alisoma fomu, Mwanamisi akaijaza, na usiku haujaingia sawasawa ilikuwa imeshatumwa.

Jibu la hoteli lilikuja keshoye jioni: kikundi kimekubaliwa. Shangazi hakulisomea ofisini. Aliwachukua kina mama wote hadi mbele ya duka la Selemani, na hapo, kwa sauti ile ile aliyomgombezea, akamwomba radhi. Kisha akamvuta Mwanamisi karibu.

"Mwanangu, mashine haikukukataa, ilikutii. Wako watu wazima wengi wanaojibu swali wasilolisoma, halafu wanamlaumu aliyeuliza. Mimi nami jana nilimhukumu mtu kabla ya kuuliza. Soma kwanza, ndipo ujibu. Ukikosea, sema ni mimi, kama ulivyosema. Programu hata Faraji angeweza kutupandishia, lakini jina la Selemani hapa Soni, ni wewe tu uliyeweza kulirudisha."

Mwanamisi aliinama kwa haya, lakini moyo ulimjaa fahari. Yule mwanamke aliyeirudisha simu jana alikuwa amesimama nyuma ya kundi. Akapenya taratibu hadi kwenye meza ya duka.

"Selemani," alisema, "ile simu yangu bado ipo?"