Vifaranga wa Lamadi

Basi la Lamadi lilipotema abiria wake stendi ya Bariadi, Apolonia alishuka wa mwisho, kinyumenyume, amekumbatia mfuko wa nailoni uliojaa maji na vifaranga wa sato. Kitenge chake cha njano kilikuwa kimelowa mpaka magotini.

"Dada, umetuletea ziwa lote?"

Aliyeuliza alikuwa Elia, mrefu, na shati la mitumba lenye nembo ya timu asiyoijua. Alikuwa fundi wa kinu cha pamba, kabla soko huria halijaingia, kinu kikafungwa, na wanunuzi binafsi wakaja na mizani waliyoirekebisha wenyewe. Walioahidi neema hawajarudi kuuliza tunakula nini. Sura zao tunazikumbuka.

"Ziwa limebaki. Hawa watoto wake, wanakwenda bwawa la misheni."

"Na mimi nina lambo. Niletee wangu."

"Lambo la kunyweshea ng'ombe?"

"Ng'ombe waliisha. Limebaki lambo na mwenye lambo. Mpweke."

Apolonia akacheka mpaka mfuko ukatikisika.

Tangu hapo simu ya duka la Januarius, jirani yake Apolonia kule Lamadi, ikawa haipumziki. "Polo, umekula?" "Nimekula, fundi wangu. Wewe?" "Nasubiri kula sato wako." Wateja wa sukari walinuna, Apolonia aliwapa mgongo akanong'ona.

Siku ya kumpelekea Elia vifaranga wake, Apolonia alisuka nywele upya. Walikunywa soda, wakataniana, wakasahau watu. Dereva alipopiga honi ya kurudi, alikuwa bado ameshikwa mkono.

Kesho yake simu ililia mapema.

"Umeniuzia wagonjwa! Wote wameelea, tumbo juu!"

"Uliwatia saa ngapi?"

"Mchana, ulipoondoka tu. Niliwamwaga. Kumbe kicheko chote kile kilikuwa cha biashara! Nitaiambia stendi nzima."

"Elia, mpenzi, subiri..."

Akakata.

Apolonia alibaki na mkono wa simu sikioni. Kumwaga! Maji ya matangi yake ya kulelea vifaranga yalikaa chini ya paa la nyasi, baridi. Lambo la Elia lilikuwa kina cha goti, na jua la saa sita huligeuza uji wa moto. Kila mnunuzi, Apolonia alimwambia neno moja la lazima kabla hajamkabidhi mfuko. Huyu, kwa soda na kushikana mikono, alisahau kumwambia.

Angeweza kunyamaza. Lakini jina lake likioza Bariadi, matangi yale yangebaki ya kufulia. Na moyo wake je?

Alfajiri iliyofuata alipanda basi la kwanza na mfuko mpya. Elia alimwona stendi, akashika kiuno mbele ya wenzake, wote wa kinu kile kile.

"Mwangaluka," Apolonia aliwasalimu, akapaza sauti wasikie wote. "Samaki walikuwa wazima. Kosa langu: sikumwambia awaache wazoee joto kwanza. Kosa lake: alinikatia simu."

"Wazoee joto? Si wa nchi ya joto hao?" Elia akadakia.

"Sato anaweza joto la lambo lako. Asichokiweza ni kushtukizwa. Ninyi kinu kilifungwaje?"

"Tuliingia asubuhi, tukakuta kufuli," mmoja akasema.

"Basi. Hamkushindwa na soko. Mlimwagwa."

Elia alijishika kichwa. "Injini ya moto ukiimwagia maji baridi inapasuka. Na mimi fundi! Polo, nisamehe."

"Beba mfuko. Jua linapanda."

Lamboni waliuacha mfuko uelee ukiwa umefungwa. Baadaye Apolonia akaufungua mdomo, akawa anachota maji ya lambo kwa kiganja, anayatia kidogo, anangoja, anatia tena. Magoti yao yaligusana.

"Nikuoe," Elia akasema ghafla.

"Kwa haraka ile ile?"

"Nifanyeje sasa?"

"Uje nyumbani. Uketi. Baba akuulize maswali yake, mama akuangalie unavyokula. Uondoke. Uje tena."

"Na wewe?"

Apolonia aliulaza mfuko. Vifaranga walisita mdomoni, wakayaonja maji. Mmoja akatoka, akarudi, akatoka tena. Halafu wote wakapotea ndani ya tope, hai.

Apolonia alikung'uta kitenge, akampa Elia mkono kumwinua.

"Jumapili baba hatoki," alisema. "Njoo asubuhi. Mchana wewe ni hatari."